Aisifuye Mvua Imemnyea: Maoni ya Watazamaji juu ya Sinema ya Gojira

Kuna kazi za sanaa ambazo watu hubishana juu yake miaka mingi bila kutambua ya kuwa hawazungumzi juu ya kitu kimoja. Sinema ya Kijapani iitwayo Gojira, iliyoanza kuonyeshwa na kampuni ya Toho tarehe 3 Novemba 1954, ni mojawapo ya kazi hizo. Wako waliotoka ukumbini wakifuta machozi, na wako waliotoka wakicheka. Wako waliosema kuwa ni maombolezo ya taifa, na wako waliosema kuwa ni mchezo wa watoto, mtu mmoja ndani ya vazi la mpira akikanyaga vijumba vya mfano. Nia ya makala haya si kuwapatanisha wote hao, kwani hilo haliwezekani wala halina faida. Nia yake ni kuchunguza hukumu hizo zilitoka wapi, na kuonyesha ya kuwa swali la kwanza linalopasa kuulizwa mtazamaji si kama picha ilimpendeza, bali aliona nakala gani. Swali hilo si geni kwa wasomaji wetu. Kila aliyepata kulinganisha hati mbili za utenzi mmoja ajua ya kuwa beti zikipunguzwa hapa na kuongezwa pale, utenzi huwa mwingine, ijapokuwa jina lake halikubadilika.

Kwanza yafaa kukieleza kisa chenyewe kwa ufupi. Mabaharia wa meli ndogo wamepumzika sitahani jioni, mara bahari inawaka mwanga mkali na meli inateketea. Nyingine zaangamia vivyo hivyo. Katika kisiwa cha Odo mzee mmoja asema ya kuwa hiyo ni kazi ya Gojira, dubwana la baharini ambalo wahenga walikuwa wakilipelekea wasichana kuwa kafara, na ambalo sasa limebaki kukumbukwa katika ngoma ya kuondoa balaa tu. Vijana wamcheka. Mtaalamu wa viumbe vya kale, Dakta Yamane, afika kisiwani, akaona nyayo zenye sumu ya atomu, kisha akamwona dubwana mwenyewe, mwenye urefu wa mita 50, akichungulia juu ya kilima. Maelezo yake ni kwamba mnyama huyo wa kale aliishi salama chini ya bahari mpaka majaribio ya mabomu ya haidrojeni yalipomtoa katika makazi yake. Gojira aingia Tokyo usiku, akauchoma mji. Mwanasayansi kijana, Serizawa, amevumbua kitu kinachoharibu oksijeni ndani ya maji na kuua kila kilicho hai, naye amekificha kwa hofu ya kuwa wenye madaraka watakigeuza kuwa silaha. Mwishoni akubali kukitumia mara moja tu. Achoma karatasi zake zote, azama baharini, akata kamba yake mwenyewe, na kufa pamoja na dubwana ili siri isitoke.

Kisa hiki, kikisomwa peke yake, chaweza kuonekana kuwa cha ajabu tu. Lakini watazamaji wa kwanza hawakukisoma peke yake. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, katika Visiwa vya Marshall. Mashua ya Kijapani ya kuvua jodari, Daigo Fukuryu Maru, ilikuwa baharini na wavuvi 23, na jivu jeupe la mlipuko huo likawanyeshea. Wajapani waliliita jivu la mauti. Wote waliugua, na mmoja wao, Aikichi Kuboyama, aliyekuwa mtumishi wa simu ya upepo, alifariki tarehe 23 Septemba mwaka huo huo, siku 41 kabla ya Gojira kuonyeshwa. Mtazamaji wa Tokyo alipoona katika dakika za kwanza mabaharia wakishtushwa na mwanga baharini, hakuhitaji kuelezwa maana yake. Magazeti yalikuwa yamemweleza tangu Machi. Tena ilikuwa miaka 2 tu tangu utawala wa majeshi ya Marekani ulipokoma mwaka 1952, na katika miaka ya utawala huo habari za Hiroshima na Nagasaki zilikuwa zimebanwa na wakaguzi wa maandishi na picha. Mwongozaji, Ishiro Honda, alikuwa askari aliyerudi kutoka China mwaka 1946, akapita Hiroshima, akaona kwa macho yake. Yeye mwenyewe alieleza baadaye ya kuwa alitaka kuufanya ubaya wa atomu, ambao hauonekani, uonekane.

Watu wapatao milioni 9.6 waliiona picha hiyo nchini Japani. Lakini hata huko maoni hayakuwa mamoja. Baadhi ya wahakiki wa magazeti waliishutumu kwamba yachuma faida katika misiba ya watu, yaani vita na jivu la Bikini. Shutuma hiyo si ya kudharauliwa. Kampuni ya sinema ni duka, na duka halifunguliwi kwa ajili ya kulia matanga. Mtayarishaji, Tomoyuki Tanaka, alijua vema ya kuwa jambo lililo midomoni mwa watu huuza tiketi. Hata hivyo, wahakiki hao walipima nia ya muuzaji wakasahau hali ya mnunuzi. Kwa watu ambao kwa miaka mingi walikatazwa kulizungumza jeraha lao, picha hii ilikuwa mahali pa kulitazama gizani pamoja na wengine. Akira Takarada, aliyecheza kama Ogata, alisimulia mara nyingi ya kuwa alipoitazama picha ilipokwisha kutengenezwa alilia kwa kumhurumia Gojira mwenyewe, maana dubwana huyo naye aliunguzwa na bomu. Hapo pana jambo la kuangaliwa. Mtu alimlilia aliyeteketeza mji wake, kwa kuwa alimwona kuwa ni majeruhi mwenzake. Wahenga walisema, aisifuye mvua imemnyea. Wajapani hawa walinyewa, na hukumu yao ni hukumu ya mtu aliyelowa.

Sasa na tuvuke bahari. Mwaka 1956 sinema hii ilifika katika kumbi za Marekani, lakini haikufika jinsi ilivyoondoka. Wanunuzi waliikata, wakamwajiri mwongozaji Terry O. Morse apige sehemu mpya, na wakamtia ndani Raymond Burr, akicheza kama mwandishi wa gazeti wa Kimarekani aitwaye Steve Martin, ambaye hayumo kabisa katika kazi ya Honda. Nakala ya Kijapani huenda kwa dakika 96, na ya Kimarekani kwa dakika 80. Mtu asidhani ya kuwa zilizopotea ni 16 tu. Maadamu sehemu za Burr ziliongezwa, zilizokatwa ni nyingi zaidi. Na namna ya kuunganisha ilikuwa hivi: Burr aonyeshwa akizungumza na wahusika wa Kijapani, lakini anaozungumza nao ni watu wengine waliovishwa mavazi kama wao, nao waonekana kisogo. Mahali pengine maneno ya Kijapani yametiwa sauti za Kiingereza. Mahali pengine yameachwa yalivyo, na mwenzake Burr amweleza kwa muhtasari yanayosemwa. Hivyo mtazamaji husikia watu wenye msiba wakilia kwa lugha yao, kisha mtu wa tatu humwambia kwa sentensi moja walichosema.

Mpango wa kisa nao uligeuzwa. Honda aanza na meli na bahari tulivu, na hofu yaja kidogo kidogo. Nakala ya Kimarekani yaanza na Burr akiwa amejeruhiwa katika magofu ya Tokyo, ndipo arudi nyuma kusimulia. Msimuliaji stadi ajua tofauti ya njia hizo mbili. Ya kwanza hutufanya tungojee pamoja na watakaopatwa. Ya pili hutufanya tusikilize habari za yaliyokwisha kuwapata wengine, kutoka kwa mgeni ambaye twajua ameokoka. Sisemi ya kuwa njia ya pili haina uzuri wake, ila si kazi ile ile.

Ni haki kusema ya kuwa si kweli, kama wadaivyo baadhi ya watu, kwamba nakala hiyo ililifuta bomu lote. Dakta Yamane bado ataja majaribio ya mabomu ya haidrojeni, na hofu ya Serizawa juu ya uvumbuzi wake imebaki. Kilichoondolewa ni kumbukumbu zenye jina na mahali. Katika nakala ya Kijapani abiria wazungumza ndani ya treni, na mwanamke mmoja alalamika kuwa aliponea chupuchupu katika bomu la Nagasaki, na sasa hili tena, huku mwenzake akisema itabidi kutafuta pa kukimbilia kwa mara nyingine. Mazungumzo hayo, yasemwayo kwa sauti ya kawaida kama ya watu wanaolalamikia bei ya mchele, yamo miongoni mwa maneno mazito kuliko yote katika picha, nayo hayamo katika nakala ya Marekani. Na mwisho wenyewe umepinduliwa. Katika kazi ya Honda, baada ya dubwana kufa, Dakta Yamane asema kwa huzuni ya kuwa haamini kwamba huyu alikuwa wa mwisho, na kwamba majaribio yakiendelea, mwingine atatokea mahali fulani duniani. Katika nakala ya Marekani neno la mwisho ni la Burr, naye asema ya kuwa hatari imekwisha na dunia yaweza kuamka na kuishi tena. Kazi moja yamalizia kwa onyo, nyingine kwa faraja. Je, watazamaji wa kazi hizo mbili wangewezaje kuwa na maoni mamoja?

Katika nuru hii ndipo tuisome hukumu ya Bosley Crowther, mhakiki wa gazeti la New York Times, aliyeiona mwezi Aprili 1956. Aliiponda bila huruma. Aliona ndani yake dubwana la mpira kati ya nyumba na treni za kuchezea watoto, jambo la bei rahisi mbele ya King Kong ya mwaka 1933. Mtu akimlaumu Crowther kwa kutoona maombolezo ya Nagasaki, amdhulumu, kwa kuwa hakuonyeshwa. Alihukumu alichowekewa mbele, na alichowekewa kilikuwa mwili ulionyolewa kichwa. Lakini kosa lake si dogo vilevile, nalo ni kosa tuwezalo kulifanya sote: aliandika kana kwamba ameihukumu kazi ya Wajapani. Na kwa kuwa nakala hiyo ya Marekani ndiyo iliyosambazwa katika nchi nyingi, hukumu iliyostahili mikono ya wakataji ikabebwa na watungaji kwa karibu miaka 50.

Mwaka 2004 nakala ya Kijapani isiyokatwa ilionyeshwa katika kumbi za Marekani, ikiwa na tafsiri ya Kiingereza iliyoandikwa chini ya picha. Wengi walioikumbuka kama kichekesho cha utotoni walistaajabu kukuta kazi ya huzuni, yenye hospitali iliyojaa majeruhi, na kwaya ya wasichana wa shule wakiomba amani. Laiti mambo yangekoma hapo, hoja yangu ingekuwa imethibitika kwa urahisi: toa nakala mbovu, lete nakala njema, na maoni yatanyoka. Hayakukoma hapo. Roger Ebert, mhakiki mashuhuri wa Chicago, aliiona nakala hiyo njema, na bado akaandika ya kuwa ni picha mbaya, ya kipumbavu sawa na ile iliyokatwa, ijapokuwa alikiri ya kuwa katika wakati wake ilikuwa tamko zito la kisiasa. Kabla yake Susan Sontag, katika insha yake ya mwaka 1965 juu ya sinema za maafa, alikwisha kuhisi ndani ya picha za Kijapani za aina hii jeraha la umma mzima lililotokana na silaha za atomu. Lakini alizihukumu picha za aina hiyo kwa jumla kwamba hutufanya tufurahie uharibifu na kuzoea yasiyozoeleka.

Basi nakala peke yake haitoshi. Ebert alikuwa na matini kamili, naye alikuwa na elimu ya kutosha kujua yanayodokezwa. Alichokataa ni kuiacha elimu hiyo iingie katika hukumu ya sanaa. Aliyaweka maana upande mmoja na ufundi upande mwingine. Nadhani hapo ndipo aliponipoteza mimi. Katika picha hii maana na ufundi havitengani. Chukua jambo lililochekwa kuliko yote, yaani lile vazi la mpira. Eiji Tsuburaya, fundi wa hila za picha, alitamani kutumia njia ya King Kong, ya kusogeza sanamu kidogo kidogo na kuipiga picha moja moja, lakini muda haukumruhusu. Ndipo Haruo Nakajima akavishwa vazi lenye uzito wa kilo 100 hivi, akatembea humo kwa dakika chache chache, katikati ya mji wa mfano, na kamera ikiendeshwa kwa kasi ili mwendo wake uonekane wa pole. Matokeo yake ni dubwana asiye mwepesi kama mnyama. Yuaburura miguu kama aliyechoka, na mwendo wake ni wa mtu mwenye maumivu, kwa sababu ndani yake mlikuwamo mtu mwenye maumivu. Hata ngurumo yake si ya mnyama yeyote. Mtunzi wa muziki, Akira Ifukube, aliipata kwa kusugua nyuzi zilizolegezwa za kontrabasi, ile ala kubwa kabisa ya nyuzi, kwa mfuko wa mkono wa ngozi uliopakwa ulimbo. Sauti hiyo yasikika nusu ghadhabu na nusu kilio. Takarada aliyelia hakudanganywa na mpira. Aliyajibu yaliyomo.

Hapa nataka kuleta swali la lugha, maana wasemaji wa Kiswahili nao huitaja sinema hii, na kila aitajaye huchagua neno, na neno ni hukumu. Jina la Kijapani limeunganishwa kutokana na gorira, yaani gorila, na kujira, yaani nyangumi. Ni jina la mnyama wa nchi kavu na mnyama wa bahari. Kwa tahajia ya Kiingereza liliandikwa Godzilla, likapata mwanzoni mwake neno la Kiingereza la Mungu, na nakala ya mwaka 1956 ikamwongezea cheo cha mfalme wa madubwana. Sisi tumwiteje? Dubwana ni neno la ukubwa na ubaya wa umbo tu, nalo lafaa pasipohitajiwa zaidi, na ndiyo sababu nimelitumia. Zimwi lina kasoro, kwani zimwi la ngano zetu hula watu kwa tamaa, na mara nyingi husema na kufanya hila, lakini Gojira hali mtu wala hasemi. Neno lililo karibu zaidi, kwa maoni yangu, ni nunda. Wasomaji watakumbuka hadithi ya Sultani Majinuni katika mkusanyo wa Edward Steere wa mwaka 1870. Paka wa Sultani ala mifugo, na kila watu wakilalamika Sultani asema ya kuwa paka ni wake na mali iliyoliwa ni yake, mpaka mnyama huyo amekuwa nunda na kuwala wanawe. Nunda huyo hakutoka mwituni. Alilelewa nyumbani na mwenye mamlaka ambaye hakutaka kuambiwa. Hadithi hizi hazina nasaba moja, na mtu asitafute njia ya kuzifikisha Pwani kutoka Japani. Lakini mtafsiri aandikaye nunda humpa msomaji wetu mara moja jambo ambalo nakala ya Marekani ilimnyima mtazamaji wake, yaani ya kuwa balaa hili lina mwenyewe.

Sipendi kumalizia kama mpambe. Picha ina kasoro zake, na nakala kamili haizifichi. Mapenzi ya Emiko kati ya wanaume wawili yameandikwa kwa kalamu nyepesi, na mara kwa mara husimamisha mambo makubwa ili yapite madogo. Elimu yake ni ya kubahatisha: Dakta Yamane aweka enzi ya Jura katika miaka milioni 2 iliyopita, ambapo enzi hiyo ilikwisha yapata miaka milioni 145 iliyopita. Baadhi ya vifaru na ndege vyaonekana wazi kuwa ni vya kuchezea, na Crowther hakukosea macho katika hayo. Lakini kazi hupimwa kwa kilele chake pia, wala si kwa mabonde yake tu. Kilele cha kazi hii ni mwanamke aliyejikunyata barabarani na wanawe, moto ukiwazunguka, akiwaambia kwamba punde watakuwa pamoja na baba yao. Hakuna dubwana katika maneno hayo. Mna mjane wa vita, kwa mtazamaji aliyeupitia usiku wa tarehe 9 Machi 1945, mabomu ya moto yalipoiunguza Tokyo.

Mafunzo tuyapatayo ni mawili. La kwanza lamhusu mhakiki: aitaje nakala aliyoiona, lugha aliyoisikia, na mwaka, kabla hajatoa hukumu, kama vile mhariri wa tenzi ataja hati zake. La pili lamhusu mtafsiri na mchapishaji, na kwetu ndilo zito zaidi. Kila mara kazi ihamapo kutoka lugha hadi lugha, yuko mtu mwenye mkasi anayejiuliza ni kipi wageni hawatakielewa, na aghalabu akatacho ni kile kile kilichowaliza wenyewe. Wakataji wa mwaka 1956 hawakuwa na chuki. Waliona tu kwamba mazungumzo ya abiria wawili ndani ya treni hayasukumi kisa mbele. Nasi tunaohariri hati za wazee wetu, na kuzifasiri kwa ajili ya wageni, tumekwisha kuruka beti ngapi kwa sababu hiyo hiyo?